Heshi haifunguliwi, wadogo zangu

Jana kijana wa field kaniita mezani kwake: "Kaka, nisaidie kudikripti hii MD5." Nikanywa maji kwanza. MD5 ni njia mojawapo ya kuheshi: unasaga neno, mfano neno la siri, linatoka fumbo la herufi na tarakimu lisilorudi nyuma. Hilo fumbo ndiyo heshi.

1. Kudikripti ni kufungua kwa ufunguo, na heshi haina ufunguo. Unabahatisha tu: unachukua neno, unaliheshi, unalinganisha. Zikifanana, umelipata. Hilo neno "kudikripti" msilitamke mbele ya mteja, mtatuaibisha.

2. Herufi 32 si lazima ziwe MD5. NTLM, heshi ya maneno ya siri ya Windows, nayo ina 32. Uliza heshi imetoka mfumo gani kabla hujawasha hashcat, programu yetu ya kubahatisha heshi. Kuna mmoja wenu aliweka mode 0 (ya MD5) penye 1000 (ya NTLM), akaenda zake nyumbani Ijumaa.

3. Anza na jibu unalolijua. Hapa mnivumilie.

Mwaka wangu wa pili kazini, mteja mmoja alitaka kuwapa watafiti orodha ya wateja wake, namba za simu zikiwa zimeheshiwa kwa MD5 bila chumvi, yaani bila kuchanganya herufi za nasibu kabla ya kuheshi. Akauliza: kuna hatari? Nikacheka. Namba inaanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane, kwa hiyo zote haziwezi kuzidi milioni 200. Laptopu inazimaliza. Nikazizalisha kwenye faili, kila mstari namba moja, skripti ikasoma mstari, ikauheshi, ikalinganisha. Haikupata hata moja. Nikarudia kwa 255 badala ya sifuri. Patupu. Siku ya tatu nikaandika ripoti, tena kwa Kiingereza cha suti, kwamba data ni salama. Nikaituma.

Binti wa field aliyekaa nyuma yangu akaniuliza taratibu, "Kaka, ulijaribu na namba yako mwenyewe?"

Sikuwa nimejaribu. Tukaiheshi namba yangu pembeni, tukaipitisha na kwenye skripti: heshi mbili tofauti kabisa. Skripti ilikuwa inasoma mstari pamoja na alama ya mstari mpya mwishoni. Siku tatu nilikuwa naheshi namba zenye mkia! Tukaukata mkia, na kabla chai haijapoa namba za watu zikaanza kumiminika kwenye skrini. Mimi nilitamani ziache. Kumpigia mteja kumwambia "ile salama si salama" nilichukua saa nzima nikizunguka parking. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Sawa, kijana." Bora angetukana.

Na kubadili MD5 kuwa SHA-256, heshi yenye nguvu zaidi, kusingesaidia kitu. Milioni 200 ni zile zile.

4. Rockyou, orodha ya maneno ya siri tunayobahatishia, ilivuja Marekani mwaka 2009. Mhasibu wa Kariakoo hakuchukulia humo neno lake la siri; ongezeni majina ya watoto, timu na mitaa.

5. Ukiona heshi inaanza na $2b$, hiyo ni bcrypt, imetengenezwa makusudi iwe polepole kuibahatisha. Orodha fupi, akili nyingi.

6. Kama huna barua ya ruhusa ya mteja, hizo heshi sijaziona na wewe hukuniletea.

Yule wa Ijumaa: mashine imenguruma wikendi nzima, LUKU ya ofisi imekata. Njoo tuongee.