Kompyuta yako haioni waifai? Usikimbilie kupiga Windows upya

Niliwahi kupoteza Jumapili nzima nikipiga Windows upya kwa kosa la kiwaya chembamba kama uzi wa kushonea. Laptopu ilikuwa imeacha kuona mitandao: nikibofya alama ya waifai, orodha tupu. Simu, juu ya meza ileile, inaona mitandao saba. Nikahamisha mafaili, nikafuta kila kitu, nikapiga Windows, nikafungua orodha. Tupu. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri, kazi ambayo ilitakiwa ifanyike asubuhi.

Siku hizi mtu akiniambia "mashine yangu haioni waifai", sigusi kitu mpaka nijue ni ugonjwa upi. Huenda kompyuta haijui kabisa kwamba ina kadi ya waifai, kile kipande cha ndani kinachoshika mtandao. Huenda inaijua, ila redio ya kadi imezimwa. Au redio iko wazi, lakini haisikii. Ukikaa mbele ya kioo yote matatu yanafanana, na dawa ya moja haigusi jingine.

Anza na simu. Kama nayo haiuoni mtandao wenu, nenda kwenye ruta, yaani kifaa kinachorusha waifai, kompyuta haina kosa. Kama inauona, washa hotspoti ya simu, uisogeze karibu na kompyuta. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu watu wengi husema "haioni mtandao" wakati haioni mtandao mmoja tu. Hotspoti ikionekana vizuri, kadi ni nzima, na ugomvi uko kati yake na ruta. Kadi nyingi za zamani zinashika masafa ya GHz 2.4 peke yake. Ruta ikirusha GHz 5 tu, hata ukiipakata pamoja na laptopu hazitaonana. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika netsh wlan show drivers, kisha tafuta mstari wenye 802.11. Ukikuta herufi b, g na n tu, bila a, ac wala ax, kadi yako ni ya 2.4.

Kuna na suala la chaneli, zile njia zenye namba ndani ya masafa, ambalo huwachanganya hata mafundi. Kadi zilizopangwa kwa kanuni za Marekani mara nyingi hazitumii chaneli ya 12 na ya 13. Ruta ikijichagulia 13 usiku, asubuhi simu inaona mtandao na kompyuta haioni, na hakuna aliyegusa chochote. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, uifunge kwenye 1, 6 au 11.

Hotspoti nayo isipoonekana vizuri, rudi kwenye kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika devmgmt.msc, utazame kundi la adapta za mtandao. Kama kadi ya waifai haimo, zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi. Windows 10 na 11 zikizimwa kwa kawaida huweza kuhifadhi sehemu ya hali yake ili ziwahi kuwaka, kwa hiyo shikilia Shift unapobofya kuzima. Dawa hii inaonekana ya kijinga, lakini imeniokoa mara nyingi.

Kadi ikiwemo na alama ya njano, tuhumu draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Unganisha simu kwa waya wa USB ikupe intaneti, uchukue draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa kufuata modeli yako. Zile programu zinazojidai kukusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja, mimi siziruhusu kwenye mashine yangu. Kama tatizo lilianza baada ya sasisho, rudisha draiva ya zamani. Na kama kadi hutoweka kila laptopu inapoamka usingizini, fungua sifa zake, uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.

Redio iliyozimwa ni rahisi: hali ya ndegeni, kitufe cha kibodi chenye alama ya antena, au swichi ya pembeni kwenye laptopu za zamani, ambayo huguswa bila kujua wakati wa kuitoa kwenye begi. Kwenye Linux andika rfkill list. Soft ikisema yes, rfkill unblock wifi inatosha. Hard ikisema yes, amri hazisaidii, tafuta kitufe. Kwenye Windows, hakikisha pia huduma ya WLAN AutoConfig inafanya kazi, maana ikisimama orodha haijazwi.

Yangu mimi ilikuwa kiziwi. Kadi imo, draiva haina lawama, redio imewashwa. Nikaweka simu juu ya kibodi kabisa, hotspoti ikajitokeza na kijistari kimoja. Nikaisogeza kiasi cha urefu wa mkono, ikapotea. Nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia nilifungua laptopu kusafisha feni, na kwamba tangu hapo spika yangu ya bluetooth ilikuwa inakatakata. Bluetooth na waifai mara nyingi hukaa kwenye kadi moja na kugawana antena, lakini mimi nililaumu spika.

Nikafungua mfuniko wa chini, nikachomoa betri kwanza. Kadi ina vitundu viwili vya rangi ya dhahabu, vidogo kuliko punje ya mchele, na kila kimoja hupokea waya unaopanda mpaka kwenye fremu ya kioo, mahali antena zilipo. Waya mweusi ulikuwa unaning'inia. Mweupe ulikuwa umekaa upande. Ukiona hivyo usitumie koleo: weka kichwa cha waya wima juu ya kitundu, kandamiza kwa ukucha mpaka usikie "tik". Kikikataa, kiinue ukipange upya, kwa sababu kikipinda hakishiki tena.

Nikarudisha betri, nikawasha kabla ya kufunga skrubu. Mitandao saba, wangu ukiwa wa kwanza. Kilichobaki ni kurudisha programu nilizozifuta bure, na hiyo ilinichukua mpaka Jumanne.