Re: Niache ugali au niache mafuta? Ipi inadumu?

Mkuu, kwa maelezo yako una kilo 94, uko Dodoma, mwenzako kazini kaacha wanga akashuka kilo 4 ndani ya wiki mbili, na daktari kakwambia wewe upunguze mafuta. Jibu fupi: ukipima baada ya mwaka, njia hizi mbili zinakaribiana sana. Kinachotofautiana ni wapi kila moja itakukwamisha.

Hizo kilo 4 usizionee wivu kwanza. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu inashikilia maji kama gramu 3. Ukikata wanga, akiba inaisha na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kwa hiyo kilo moja na nusu hadi mbili hapo si mafuta, na akila pilau ya harusi siku mbili mfululizo zitarudi.

Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani walitoa utafiti 2018: watu 609, miezi 12. Waliopunguza mafuta walishuka wastani wa kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Ndani ya kila kundi walikuwepo walioshuka karibu kilo 30 na walioongezeka karibu 10. Vinasaba na insulini vilipimwa, havikuonyesha nani anafaa njia ipi. La kuangalia zaidi ni hili: kundi la wanga kidogo lilianza na gramu 20 kwa siku, mwaka ulipoisha lilikuwa kwenye wastani wa 132. Na hao walikuwa na wataalamu wa lishe pembeni.

Sasa tuje kwenye sahani. Unga mkavu, uwe sembe, dona, mtama au uwele, karibu robo tatu yake ni wanga. Kuhamia ugali wa mtama hakupunguzi wanga, kunakuongezea nyuzinyuzi tu kama haukukobolewa. Ukijiwekea kikomo cha gramu 50 za wanga kwa siku, hiyo ni unga gramu 65 hivi, ugali wa ukubwa wa ngumi, kwa siku nzima, bila tunda wala chai ya sukari. Nusu kilo ya zabibu peke yake ina wanga unaokaribia gramu 90. Hapo ndipo wengi wanapokwamia: nyama na mayai ya kujaza pengo ni gharama, choo kinakuwa kigumu, na kwa joto letu kichwa kinauma kwa sababu chumvi inatoka pamoja na maji. Mlenda (hata ule mkavu), majani ya kunde na maji ya kutosha vinasaidia.

Njia ya mafuta kidogo inaharibikia kwingine. Mtu anaacha kukaanga halafu anafidia kwa ugali mkubwa na soda. Pia mafuta hayapimwi, yanamiminwa. Lita moja ya alizeti ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki, kila mtu anakunywa karibu kalori 290 kwa siku. Tenga chupa ya nusu lita Jumatatu. Ikiisha, imeisha hadi Jumatatu nyingine. Karanga za kwenye mlenda nazo ni mafuta, vijiko viwili vya chakula vya karanga za kusaga ni kama kalori 170.

Kwa mazingira yetu ningeanzia katikati. Pima unga kwa mzani: kilo moja kwa watu wanne ni gramu 250 kila mmoja, yaani kalori 900 kabla ya mboga. Shusha hadi 120, ongeza mboga mara mbili, weka dagaa au maharage, chai bila sukari. Mnadani Msalato, hapo hapo Dodoma, kula mbuzi wako na kachumbari, ila chagua kimoja kati ya ndizi na bia.

Kama una kisukari na unatumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), usikate wanga ghafla, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Dozi irekebishwe kwanza. Wanaotumia dapagliflozini, dawa nyingine ya kisukari, wana hatari nyingine, damu kujaa asidi hata sukari ikiwa haijapanda sana. Anayetumia dawa za presha, hasa za kukojosha, naye aangaliwe.

Pima mafuta ya damu kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu. Kwa wanga kidogo, trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) kwa kawaida hushuka na HDL, kolesteroli nzuri, hupanda, lakini kwa baadhi ya watu LDL, ile mbaya, hupanda pia. LDL ikipanda, usikimbilie kurudisha sembe: toa samli, mafuta ya mnyama na ngozi ya kuku, weka alizeti kidogo, karanga na samaki, kisha upime tena.