Kabla ya viatu, tafuta wa kutembea nao

Wiki iliyopita dada mmoja wa Bungoma aliniandikia. Amesikia kuwa mimi huenda hija Namugongo, Uganda, kwa miguu, na mwakani anataka kwenda. Swali lake ni moja tu: anunue viatu gani? Kila mwaka sikukuu ya Mashahidi wa Uganda ikishapita, maswali ya viatu huanza kumiminika. Bado sijaulizwa hata mara moja, "Mama, nitembee na nani?"

Ya viatu tuyamalize. Vaa raba ulizokwisha kuzizoea, zikuzidi namba moja, kwa sababu kufikia mchana mguu huwa umevimba. Vipya viache nyumbani, hata kama umetumiwa na mwanao aliye Qatar. Soksi zisiwe za pamba tupu, hushika jasho, na ubadilishe kila mnapopumzika. Lengelenge lifunike kwa plasta, usilitumbue. Basi.

Sasa tuongee.

Mimi ni mshonaji, mzaliwa wa Mumias. Habari za mashahidi sikuzipata kwenye matangazo ya parokia. Askofu wa Kianglikana James Hannington alipita huku kwetu Wanga mwaka 1885 akielekea Buganda, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba, miezi michache kabla ya wale wa Namugongo. Marehemu baba, Mwanglikana sugu, aliisimulia safari ile kana kwamba yeye ndiye aliyembebea mizigo. Kwa hiyo parokia yetu ya Kikatoliki (mama ndiye aliyetushinda sote kwa dini) ilipotangaza hija ya miguu, nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandikisha jina. Kutoka mpaka wa Busia hadi Namugongo ni karibu kilomita 200, na sisi tulikuwa tunaanzia nyumbani. Nilijua magoti yangu si ya msichana. Nilijua pia kwamba siendi mashindano.

Hapo ndipo nilipotofautiana na kiongozi wetu. Simtaji, anajijua, na nasikia hunisoma. Yeye alitembea huku anaangalia saa. Rozari ilisaliwa mbio, Salamu Maria ya kwanza haijaisha ya pili imeshaingia. Mbele kulikuwa na bendera, vijana na simu za kupigia picha. Nyuma tulikuwa akina mama wa miguu mizito na mzee mmoja wa fimbo. Mpaka Bugiri tulikuwa bado tunawaona kwa mbali. Baada ya Bugiri tukawa tunauliza wapita njia kama wameiona bendera.

Bugiri hadi Iganga sitawachosha. Ni lami, jua, na malori yanayokupita karibu mpaka leso inataka kuruka kichwani.

Iganga tulilala kwenye madarasa ya shule. Nilipoamka kabla ya mapambazuko, mikeka ya upande wa pili haikuwepo. Wameondoka. Gari la mizigo nalo limeondoka, na mkoba wangu wenye dawa za presha umo ndani. Walikuwa wamemwachia mlinzi ujumbe: wale wasioweza wapande gari, tutakutana Namugongo. Wasioweza! Nilikaa kwenye ngazi ya darasa nikalia, na msifikiri ni huzuni, ilikuwa hasira. Yule mtu nilimwombea mabaya pale pale, rozari ikiwa mkononi. Padri ameshanisikiliza kwa hilo, lakini kusahau bado sijasahau.

Tuliokolewa na kundi la Wasamia wa upande wa Uganda waliolala darasa la jirani. Wao walikuwa na sheria moja: mwenye mwendo mdogo kuliko wote ndiye anayetangulia. Mbele yao alikuwa nyanya mmoja wa fimbo, na bendera ilibebwa nyuma kabisa. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita nyanya. Akisimama, wote wanasimama. Akianza wimbo, mnaimba mwendo wake. Dawa nilinunua Iganga mjini, na pesa zilitoka kwenye fundo la leso ya nyanya huyohuyo. Tangu siku hiyo dawa, kitambulisho na shilingi za Uganda navifunga kiunoni, na nawaambia wote wanaotembea nami wafanye hivyo. Gari la mizigo libebe blanketi.

Wasamia wale hawakupenda lami. Walipopata njia ya kijiji iliyokwenda upande wetu waliifuata, katikati ya migomba na mashamba ya mahindi, udongo mwekundu umelowa mvua ya Mei. Mahali fulani mama wa makamo alitoka nyumbani kwake na jagi la plastiki la kijani na kikombe kimoja cha bati kilichobonyea ubavuni. Akapiga magoti kwenye tope, kama wanawake wa Busoga wanavyosalimia, akanimiminia maji, akasubiri ninywe, akamimina tena kwa aliye nyuma yangu. Hakuinuka mpaka tulipokunywa wote. Watoto wake walikuwa wanapiga kelele: "Abalamazi! Abalamazi!", mahujaji hao! Hatukuwa na lugha ya kuzungumza naye. Nilisema "webale" mpaka nikaona haya. Waliopita saa tisa usiku kwa kasi wakiangalia saa, ni nani aliyewapigia magoti?

Jinja tulivuka Nile. Msitu wa Mabira tuliupita kwa litania, na Namawojjolo nilikula gonja, ndizi ile ndefu, ya kuchoma, na kama kuna dhambi ya ulafi kwenye hija, ni pale. Usipite Namawojjolo bila kula.

Ndugu zangu, hebu tukumbuke tunakwenda kwa nani. Wale vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, walihukumiwa Munyonyo mwezi Mei 1886, wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo, wamefungwa. Wengine waliuawa njiani. Waliofika waliwekwa karibu wiki nzima wakingoja kuni zikusanywe, wakachomwa tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa Bwana. Karoli Lwanga ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na usiku wa kuamkia hukumu aliwabatiza wale ambao hawajabatizwa, akiwemo Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Husimuliwa kwamba alimwahidi Kizito kumshika mkono wasiachane. Sasa niambie wewe unayeongoza watu: Lwanga alimwambia Kizito apande gari watakutana mbele?

Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 tunawaheshimu pamoja, na huenda baba yangu angefurahi kujua kwamba mimi huanzia kituo cha Waanglikana kabla sijaingia basilika. Damu yao haikuulizana dhehebu. Lakini sisi wa parokia moja tunaulizana kasi!

Watu husema, "Nikifika Namugongo nitaomba." Utaomba saa ngapi? Siku ya tarehe tatu kuna umati ambao hata kukaa chini ni bahati, misa unaisikia kwa spika, altare iko kule kwenye kisiwa katikati ya maji na wewe uko nyuma ya mwavuli wa mtu. Maombi fanya njiani. Kila mlima mpe mtu mmoja. Mimi kuna kilima baada ya Lugazi nilichompa yule kiongozi, kwa amri ya padri, na nilikipanda kwa shida kuliko vyote.

Baadaye kijana mmoja wa kundi lake alinieleza kwamba Mukono walipanda basi, wakashuka Kyaliwajjala, karibu kabisa na Namugongo, wakakunjua bendera na kuingia wakiimba. Sisi tulifika jioni ya siku iliyofuata, nyanya akiwa mbele.

Basi, dada wa Bungoma, tafuta watu mapema. Usingoje Mei. Anza Januari, tembeeni pamoja Jumamosi, nenda na rudi parokia ya jirani, na usiangalie miguu yao. Angalia wanafanya nini mmoja akisimama kufunga kamba za kiatu. Wakiendelea na mazungumzo yao bila kugeuka, hao si wako. Wakisimama, andikisha jina.

Mwaka huu niliongoza kundi langu mwenyewe, dogo, la watu wa jumuiya yetu na majirani. Mbele alikuwa mama mwenye kisukari na nyuma alikuwa mwanangu na bendera. Tulifika wote, hakuna aliyepanda chochote, na sioni sababu ya kujifanya sijivuni. Kurudi ndiko tulikopanda basi, na nauli hiyo itengeni kabla hamjaondoka.

Tulipokuwa tunangoja basi, na mimi nimekalia dumu langu la maji ya Namugongo, ambayo mahujaji huyabeba nyumbani kama maji ya baraka, alikuja yule kiongozi. Umati ulimshinda, hakuweza kufika kwenye maji, na mama yake mgonjwa nyumbani alikuwa ameyaagiza. Alikuwa na chupa ya lita moja na nusu. Nilimmiminia. Ya mama yake nilijaza mpaka shingoni. Alipoleta ya pili, ya kwake mwenyewe, nilimwambia foleni ile kule.