Kipimo cha mwanga kabla ya upasuaji wa kifafa

Dada, umeuliza kama kofia ya mwanga inaweza kuonyesha kifafa cha mwanao kinaanzia wapi, ili asitobolewe fuvu kuwekewa elektrodi (nyaya za kupima umeme wa ubongo). Inasaidia, lakini peke yake haitoshi.

Taa zake hupenyeza mwanga wa karibu na infraredi, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 700 hadi 900, na vihisio vilivyo kama sentimita 3 pembeni hupokea unaorudi. Hemoglobini (kibeba oksijeni cha damu) yenye oksijeni na isiyo nayo hunyonya mwanga kwa viwango tofauti, hivyo damu ikiongezeka mahali fulani huonekana. Tatizo ni kina: mwanga hufika gamba la nje la ubongo tu. Kama daktari anashuku hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu iliyo ndani kabisa ya ubongo upande wa sikio, kofia hii haitaiona. Pia damu hubadilika sekunde kadhaa baada ya umeme wa kifafa kuanza, na kufikia hapo kifafa huenda kimeshasambaa. Ndiyo maana lazima EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) irekodiwe wakati huohuo.

Nywele ndizo huharibu vipimo vingi, hasa nyeusi na nzito, maana hunyonya mwanga. Fumua misuko, mwoshe, usimpake mafuta. Fundi wa kipimo naye atenganishe nywele chini ya kila kihisio. Uliza kama wana vihisio vya umbali mfupi, chini ya sentimita 1, vya kuondoa ishara ya damu ya ngozi.

Dawa usipunguze mwenyewe hata kidogo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. MRI (picha za ubongo kwa sumaku) na EEG ya video (EEG huku mtoto akirekodiwa kwa kamera) vitangulie kofia hii.