Kaburi la baba ni letu au la kaunti?

SWALI: Mzee, salamu. Baba tulimzika 2012 katika makaburi ya umma hapa Nakuru kwa vile hatuna shamba. Krismasi iliyopita tulikuta nyasi za kiunoni na msalaba umeng'olewa. Kijana mwenye fyekeo akatudai elfu tatu, la sivyo mahali hapo papewe mtu mwingine. Kaka yangu anasema tulilipia, ni petu, tuzungushe ukuta. Mwenyewe ni nani?
Mama Mapacha, Kaptembwo

JIBU: Pole, mama. Kijana huyo msimpe hata ndururu. Pesa za kaunti zina risiti.

Kaka yako naye apunguze moto. Mlicholipia ni nafasi ya kuzika, si ploti. Ile ni ardhi ya umma, kaunti inaishikilia kwa niaba ya wakazi. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeyaweka makaburi chini ya huduma za afya za kaunti, kifungu kimoja na uzoaji taka. Huniudhi kila nikikisoma, lakini ndiyo sheria. Mlipozika, manispaa ilikuwa bado ipo. Kaunti zilipoanza 2013 zikairithi kazi hiyo. Nakuru kuwa jiji Desemba 2021 hakukuiondoa mikononi mwa kaunti.

Mimi nilikaa miaka kumi na minne kwenye dawati la rejista ya makaburi. Kitabu kirefu, jalada la kitambaa: tarehe, jina, kibali cha mazishi, nambari ya kaburi. Nambari tuliigonga kwa msumari kwenye kipande cha bati, na masika mawili tu bati limeota kutu. Mwenye karatasi alionyeshwa kaburi kwa dakika tano. Asiye nayo tulizunguka naye mchana kutwa. Mama mmoja alikumbuka mjakaranda tu, kumbe tulikuwa tumeukata mwaka uliotangulia.

Kwa hivyo tafuteni risiti ya 2012, mwende idara ya afya ya umma ya kaunti, mtajiwe nambari. Nyasi za njiani na ua ni kazi yao: andikeni barua, nakala kwa mwakilishi wadi. Ukuta ombeni ruhusa kwanza, kwa maandishi. Na asije mtu akawashauri mumfukue mzee mumhamishe. Bila kibali ni kosa, hata kama ni baba yenu.

Msalaba ni juu yenu. Safari hii uwe wa zege. Wa mbao huwa kuni, wa chuma huishia kwenye mizani ya skrapu.