Re: Mwalimu wa baiskeli awe pia mweka hazina?

Dada, umeuliza kama anayewafunza watoto baiskeli anaweza kushika na pesa za kikundi. Hapana, hata awe malaika. Sheria ya Kenya ya vikundi vya jamii ya 2022 yataka wanachama wasiopungua 10, kwa hivyo watu wa kugawana kazi wapo. Mwalimu abaki uwanjani, kamati ishike daftari, na benki pesa zisitoke kwa sahihi ya mtu mmoja.

Mimi hofu yangu zaidi ni watoto wenyewe. Ridhaa ya mzazi iandikwe, kila mwalimu alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, na asibaki peke yake na mtoto. Digo Road ya Mombasa, na matatu zile, msiwapeleke kabisa wanaoanza.