Risasi ya ncha kali haifanywi bapa kwa tupa

SWALI: Ndugu yangu anaishi Montana, Marekani, na ana bunduki ya wenzo aina ya Marlin 336 inayotumia risasi za .30-30. Nitamtembelea Novemba twende kuwinda kulungu. Risasi za ncha bapa zimeadimika madukani kwao, na rafiki yake amejitolea kuzisugua kwa tupa zile za ncha kali mpaka ziwe bapa. Je, zitakuwa salama? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Hazitakuwa salama, ndugu yangu. Swali lako laonyesha kwamba tayari unalijua tatizo la magazini ya bomba, yaani bomba lililo chini ya mtutu wa bunduki kama hiyo ambamo risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine: ncha ya risasi moja hugusa fataki (kiwashio cha baruti kilicho kitakoni) ya iliyo mbele yake, kiasi kwamba teke la bunduki laweza kuilipua humo ndani huku mkono wa mpigaji ukiwa umelishika bomba hilo hilo. Linaloniudhi ni imani kwamba tupa huliondoa tatizo hilo. Hapa Nakuru naletewa mara kwa mara risasi za bastola zilizosuguliwa vivyo hivyo na watu wenye leseni halali, eti zipige kwa nguvu zaidi.

Kichwa cha risasi ni kiini cha madini laini kilichovikwa koti la shaba. Katika zile za mtindo wa kijeshi, zilizofunikwa ncha yote, koti hilo kwa kawaida huwa wazi kitakoni. Ukiisugua ncha mpaka kiini kionekane, umeligeuza koti kuwa mrija ulio wazi pande zote mbili: gesi ya baruti yaweza kukisukuma kiini kikatoka peke yake, koti likabaki limenasa ndani ya mtutu, na risasi ya pili ikakuta njia imezibwa na kuupasua mtutu. Mwindaji anayevuta wenzo haraka ili apige tena hana wasaa wa kuchungulia. Hata zile za ncha laini, ambazo kitako chake kimefungwa, tupa huzifupisha zikaweza kukwama zinapopandishwa kutoka kwenye bomba, na kwa kuwa hakuna mkono unaosugua sawasawa, huyumba hewani na kumwacha kulungu amejeruhiwa akienda kufia kichakani. Anayekwambia amezitumia miaka mingi bila madhara amebahatika tu, na bahati yake haitaulinda mkono wako.

Hornady hutengeneza risasi za .30-30 zenye ncha inayobonyea, zilizokusudiwa magazini ya bomba, tafuteni hizo. Mkizikosa kabisa, risasi ya ncha kali iliyotoka kiwandani itumike kwa kuweka moja chemba (nyumba ya risasi nyuma ya mtutu, inamofyatuliwa) na moja tu ndani ya bomba, isizidi hapo. Zile ambazo rafiki yenu amekwisha kuzisugua zisifyatuliwe hata kwa majaribio; ndugu yako azipeleke kwa fundi wa silaha wa huko aziharibu.